Maswali ya Wasomaji: Rama, Arjuna na mishale ya kwenye gemu

Toleo lililopita tuligusia gemu za kulenga mishale zinazotokana na hadithi kuu za kale za Kihindu, Ramayana na Mahabharata, tukamtaja Rama wa kwenye SMITE kwa mistari michache tu, basi ujumbe umemiminika mpaka nikaona ukurasa wote wa leo uwe wa hilo hilo. Barua nyingine nimezifupisha kidogo, mtanisamehe, nafasi haitoshi.

*

*Mambo vipi mhariri. Mi nacheza SMITE kwenye kompyuta ya bro, nimempenda sana Rama lakini yaani nakosa kila mshale, adui anakatiza mbele ya macho yangu mi nafyatua hewa tu. Wenzangu kwenye timu wananitukana mpaka basi. Tatizo ni mausi au ni mimi?*
Mchezaji, Tanga

Poa kabisa. Mausi yako nzima na we mwenyewe mzima, ila kuna kitu hujakizoea bado, kwamba mshale una safari.

Kwa wasioijua hii gemu niseme kwa kifupi: SMITE ni ya onlaini, ilitoka rasmi Machi 2014, imetengenezwa na Hi-Rez Studios ya Marekani, kwenye uwanja wake mkuu zinakutana timu mbili za watu watano watano na kila mtu anachagua mungu au shujaa kutoka hadithi za kale za mataifa mbalimbali, Wagiriki, Wamisri, Wachina, Wahindu na wengine. Rama yupo kwenye kundi la wawindaji, wale wanaopiga toka mbali. Sasa gemu nyingi za aina hii unambofya adui halafu silaha inamfuata yenyewe mpaka impate, lakini hapa kamera iko nyuma ya mgongo wa karekta wako na mshale unaenda pale ulipoelekeza, adui akiwa ameshahama ndo umekula hasara.

Kwa hiyo adui akikimbia kulia usimlenge kifuani, lenga pale mbele ambapo hajafika bado, akiwa karibu ni kidogo tu, akiwa mbali unaongeza. Halafu soma tabia yake. Watu wengi wakianza kupigwa wanacheza kushoto kulia, kushoto kulia, bila hata kujijua, ukimwangalia hatua mbili tatu ushajua anageukia wapi, hapo ndo unaachia. Na kuna wakati adui hana ujanja kabisa: anapita njia nyembamba, au kasimama anapiga wale askari wadogo wanaoendeshwa na gemu yenyewe, au ameshatumia ule uwezo wake wa kukwepa na bado haujarudi. Huo wa mwisho ndo mtamu. Wanaomjua Rama vizuri wanasubiri adui aruke kwanza, akishatua ndo wanawasha ile mishale maalumu inayopenya na kumpunguza mwendo. Kumbuka ile mishale ina idadi, ukiimwaga kwa askari wadogo ukikutana na mtu mwenyewe unabaki na ya kawaida. Kingine, ingia setingi punguza kasi ya mausi, wanaoanza wengi wanaiweka juu mno halafu mkono ukitetemeka kidogo tu shabaha imehama.

Na hayo matusi. Kwenye Mahabharata kuna kisa cha mwalimu Drona aliyekuwa anawafundisha wana wa mfalme kupiga upinde. Siku moja akaweka ndege wa bandia juu ya mti, akamwita mkubwa wao Yudhishthira, akamwambia vuta upinde, haya niambie unaona nini. Akasema naona mti, naona ndege, nakuona wewe mwalimu na ndugu zangu wote. Drona akamwambia kaa pembeni. Akawaita wengine mmoja mmoja, majibu yale yale, wote pembeni. Akaja Arjuna. Unaona nini? Namwona ndege. Mti je, na mimi, na ndugu zako? Siwaoni, namwona ndege tu. Haya niambie huyo ndege yukoje. Arjuna akasema siwezi, naona kichwa tu, mwili siuoni. Drona akamwambia achia, na kichwa kikaanguka chini. We unacheza huku nusu ya macho yako iko kwenye kona ya skrini unasoma nani kakutukana. Zima chati ya timu, setingi hiyo ipo, cheza wiki nzima bila kusoma mtu halafu uniandikie tena.

*

*Assalaam alaykum. Mimi nipo Muscat kikazi, asili yangu Unguja. Kwenye hii gemu Rama anaruka juu angani anashusha mishale mitatu mizito, baada ya muda mfupi anarudia, tena na tena mechi nzima. Kazini kwetu yupo mzee mmoja wa Kigujarati, nilimwonyesha kwenye video akacheka akaniambia kwenye kitabu chenyewe silaha kama zile hazitupwi hovyo. Ni kweli au mzee ananizuga?*
Msomaji, Muscat

Wa alaykum salaam warahmatullah. Mzee yuko sahihi kabisa, na swali lako ndo lililonifanya nitoe ukurasa mzima, kwa sababu hapa ndo pana tofauti kubwa kuliko zote kati ya gemu na hadithi.

Kwenye hizi hadithi kuna mishale ya kawaida ya kila siku, halafu kuna silaha zinazoitwa astra. Mshale ni ule ule, au hata jani la nyasi, ila mpigaji anausomea maneno maalumu aliyofundishwa na mwalimu wake au aliyopewa na mungu fulani, na hapo unabeba nguvu: kuna wa moto, kuna wa maji, kuna wa nyoka, na wa kutisha kuliko karibu yote ni brahmastra wa Brahma, mungu muumbaji. Gemu imechukua hiyo nguvu ikaiacha gharama yake, na kwenye vitabu gharama ndo hadithi yenyewe.

Chukua Rama mwenyewe kwenye Ramayana ya Valmiki. Mkewe Sita katekwa na Ravana kapelekwa Lanka, Rama kafika ufukweni na jeshi la nyani, bahari imemziba. Akaomba kwa heshima bahari impe njia, siku tatu hakujibiwa, akakasirika akapachika kwenye upinde mshale wenye nguvu ya Brahma aikaushe bahari yote. Ndo mungu wa bahari akatokea mikono kaikunja, anaomba msamaha, anatoa ushauri daraja lijengwe vipi. Kwenye gemu hapo ungebofya kitufe cha kughairi ukaendelea na mambo yako. Kwenye hadithi Rama anamwambia mshale huu ukishapachikwa hauwezi kwenda bure, niambie niupige wapi. Bahari akamtajia nchi ya upande wa kaskazini waliyokuwa wanaishi waovu, mshale ukaenda ukaikausha, ikawa jangwa. Yaani hasira ya dakika moja, na mtu ameshaombwa radhi na ameshasamehe, lakini lazima pawe na mahali pa kubeba ule mshale.

Halafu angalia namna anavyomuua Ravana. Anakata kichwa kinaota kingine, anakata kinaota, mapigano yanaendelea usiku na mchana, ni Matali mwendesha gari lake la farasi aliyemkumbusha kwamba ana ule mshale wa Brahma aliopewa na mzee Agastya. Hakuanza nao. Akausomea, akaachia, ukapasua kifua cha Ravana ukaingia ardhini, halafu kitabu kinasema ule mshale ukiwa umelowa damu ukarudi wenyewe taratibu ukaingia kwenye podo. Mi kila nikifika hapo nasimama kusoma kwa muda.

Sasa Karna wa kwenye Mahabharata, hasimu mkubwa wa Arjuna kwenye vita, huyu wachezaji wa gemu mtamwelewa haraka. Mungu Indra alimpa mkuki wa nguvu unaoua yeyote lakini mara moja tu, ukishatumika unarudi kwa mwenyewe. Karna akauweka akiba kwa ajili ya Arjuna, siku zinapita, vita ya Kurukshetra ni ya siku 18, yeye kauweka tu. Usiku wa siku ya 14 Ghatotkacha, jitu la upande wa kina Arjuna, akawa anawamaliza jeshi la Karna gizani, askari wanapiga kelele wanamlilia Karna autumie. Akautumia. Ghatotkacha akafa, na Krishna, mwendesha gari la Arjuna, akafurahi waziwazi wakati wenzake wanalia, maana alijua Arjuna sasa amepona. Siku ya 17 Karna akakutana na Arjuna bila ule mkuki, gurudumu la gari lake likazama kwenye tope, na maneno ya silaha yake kubwa yakamtoka kichwani kwa sababu ya laana ya mwalimu wake Parashurama. Alikuwa amemdanganya mwalimu kuhusu ukoo wake, akajifanya wa makuhani, ili apate kufundishwa. Kilichomuumbua ni uvumilivu: mwalimu alikuwa amelala kichwa kakiweka kwenye paja la Karna, mdudu akaja akamtoboa paja, damu inatoka yeye katulia tuli asimwamshe mzee. Mzee alipoamka na kuona damu akasema hakuna mtu wa ukoo uliosema unatoka anayeweza kuvumilia hivi, we ni shujaa wa vita, umenidanganya.

Na kisa cha mwisho, hiki ningetaka kila anayetengeneza gemu za mishale akisome. Vita imeisha, Ashwatthama mwana wa Drona amewavamia watu usiku wamelala akawachinja, kina Arjuna wamemfuata wamemkuta kando ya mto. Amebanwa, akaokota jani la nyasi, akalisomea maneno, akalitupa kuwamaliza wote. Arjuna naye akaachia silaha ile ile kuuzima moto wa mwenzake. Wazee wawili watakatifu, Vyasa na Narada, wakasimama katikati ya ile mioto miwili wakasema rudisheni, dunia itaungua. Arjuna akairudisha, na kitabu kinasema kuirudisha ni kugumu kuliko kuitupa, lazima mtu awe na maisha safi na nafsi iliyotulia, la sivyo inamgeukia mwenyewe. Ashwatthama akasema mimi siwezi. Alifundishwa kutupa, kurudisha hakuwahi kukuweza. Akaielekeza kwenye matumbo ya wanawake wa ukoo ule, kwa mtoto wa Uttara, mkwe wa Arjuna, aliyekuwa hajazaliwa bado, ikabidi Krishna amfufue mtoto yule.

Kwa hiyo mwambie mzee wako msomaji mwenzake anamsalimia sana. Na mimi natamani, natamani kweli kweli, siku moja itoke gemu ambayo ile silaha kubwa ina kitufe cha kurudisha, na kukitumia kunahitaji ustadi kuliko kupiga, na usipokiweza unaona imeangukia wapi. Ukibofya mishale mitatu ya angani kila baada ya muda mfupi raha yake inaisha mapema, ikishakuwa moja tu kama ya Karna utacheza mechi nzima moyo unadunda.

*

*Shikamoo mhariri. Mimi ni mama wa watoto wawili. Mwanangu wa miaka 11 anacheza kwenye simu yangu gemu moja ya upinde ina picha ya mfalme wa Kihindi, nimekuja kukuta pesa imekatwa anasema kanunua mishale ya dhahabu. Niifute? Na kama nikiifuta nimpe nini maana anaipenda sana hiyo hadithi?*
Mama, Morogoro

Marahaba mama, pole sana. Hizo gemu ndogo ndogo zenye majina ya Rama au Arjuna zimejaa kwenye maduka ya simu, nyingine hadithi imebaki kwenye picha ya mwanzo tu, ndani ni tangazo, mshale, tangazo, mshale, halafu inamwambia mtoto mishale imeisha nunua mingine. Nakushauri uifute leo.

Kabla hujaifuta ingia kwenye akaunti ya duka la simu, angalia historia ya manunuzi, kama ni juzi juzi kuna sehemu ya kuomba kurudishiwa pesa, jaribu, siyo lazima ikubali lakini wengi hawajui hata kama ipo. Kisha sehemu ya malipo weka kwamba kila ununuzi uombe nywila au alama ya kidole, na kama umeunganisha laini ya simu au kadi, iondoe kabisa. Usimwambie mtoto hiyo nywila hata akulilie vipi. Na usimpige kwa hilo, ile gemu imetengenezwa na watu wazima wanaojua mtoto atabofya wapi.

Cha kumpa: kuna gemu inaitwa Raji: An Ancient Epic, ilitoka 2020, imetengenezwa na Nodding Heads Games, kampuni ya Wahindi wenyewe pale Pune. Inamhusu binti wa sarakasi anayeitwa Raji, mdogo wake wa kiume Golu katekwa na mashetani, yeye anamfuata, na miongoni mwa silaha anazopata njiani kuna upinde wa mungu Vishnu. Unailipia mara moja basi, haichezwi na watu usiowajua wala haihitaji intaneti kila saa. Kuna mapigano ndani yake, kwa hiyo kaa naye mwanzo uone kama inamfaa. Tatizo ni kwamba inataka kompyuta au konsoli. Kama hamna, basi msimulie hadithi yenyewe, hicho kisa cha ndege wa Drona hapo juu mtoto wa miaka 11 anakielewa vizuri sana, na kumtengenezea upinde wa mchezo wa fito na kamba uwanjani mnaweza, mishale iwe na ncha butu iliyofungwa kitambaa na asielekezewe mtu wala kuku wa jirani.

*

*Mhariri, kuna tofauti gani kati ya Rama na Arjuna? Wote wana upinde, wote wa Kihindi, marafiki zangu chuoni wanawachanganya. Na kuna gemu ya simu yenye Arjuna?*
Mwanachuo, Dodoma

Rama ni wa Ramayana, beti kama 24,000, ni mwana wa mfalme wa Ayodhya, Wahindu wanaamini ni Vishnu aliyeshuka duniani kwa umbo la mtu. Arjuna ni wa Mahabharata, hiyo inahesabiwa kufika beti 100,000, ni mmoja wa ndugu watano Pandava, yeye ni binadamu mwenye baba mungu, Indra. Upinde wa Arjuna unaitwa Gandiva, aliupata pamoja na mapodo mawili yasiyoisha mishale. Alikuwa anaweza kupiga kwa mikono yote miwili. Na ni yeye ambaye asubuhi ya vita aliwaona babu zake na walimu wake upande wa pili, upinde ukamponyoka mkononi, akasema sipigani, na mazungumzo yake na Krishna hapo kwenye gari ndo Bhagavad Gita yenyewe, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Ukitaka kuwatenganisha haraka: penye Sita, Hanuman na Ravana ni Rama, penye ndugu watano, Krishna na vita ya Kurukshetra ni Arjuna.

Ya simu ipo Fate/Grand Order ya Wajapani, ya 2015, ndani yake Arjuna yupo daraja la wapiga upinde na Karna wamempa mkuki, na kwa alichopewa na Indra naona walisoma vizuri. Ila hulengi kwa kidole, unachagua kadi, na wahusika unawapata kwa bahati nasibu ambayo watu wamemaliza mshahara humo. Cheza ya bure au achana nayo.

*

*Habari zenu. Niko Mombasa, majirani zetu ni Wahindu, twaishi nao vizuri miaka mingi na Diwali hutuletea mithai. Kijana wangu alikuwa acheza hiyo SMITE na mtoto wa jirani, mamake akaingia akaona vile Kali, mungu wao wa kike, amechorwa, akazima kompyuta na hakusema kitu. Tumewakosea? Nashindwa hata vile nitaanza kumuuliza.*
Mzazi, Mombasa

Nzuri mzazi. Hukuwakosea kwa kusudi na naamini jirani analijua hilo, lakini alichokiona kimemuuma na ana haki ya kuumia. Sisi tukisikia hadithi za kale tunawaza mambo yaliyopita. Zeus, mungu wa Wagiriki wa kale, leo watu wengi wanamsoma vitabuni tu. Rama na Kali wana mahekalu, wana watu wanaoamka alfajiri kuwaomba, Diwali mnayoletewa mithai kwa Wahindu wengi ni kukumbuka Rama alivyorudi nyumbani Ayodhya, na Januari 2024 hekalu lake kubwa lilifunguliwa mji huo huo. Kwa jirani yako ile haikuwa katuni.

Na si yeye peke yake. Mwaka 2012 kiongozi wa Kihindu huko Nevada, Rajan Zed, aliilalamikia SMITE hadharani kwa namna Kali alivyovalishwa nusu uchi, na hoja yake nyingine ilikuwa kwamba mungu anaabudiwa, haiwi kwamba mtu anamwendesha kwa vitufe. Kampuni haikumwondoa. Mwaka 2009 huyo huyo alishalalamikia gemu ya PlayStation 2 ya Hanuman. Wahindu wengine wanaona tofauti, wapo vijana wa Kihindu wanaofurahi kweli kumwona Rama amesimama sawa na kina Thor. Mimi kwa upande wangu naona mavazi ya Kali yalikuwa ni kukosa adabu, hakuna sababu ya hadithi iliyoyataka, ila Rama wamemchora kwa heshima zaidi, mwili wa buluu na upinde wake mkubwa.

Kumuuliza ni rahisi kuliko unavyodhani. Nenda kama unavyokwendaga siku zote, mwambie mama fulani, juzi watoto walikuwa na ile gemu, nimeona hukupendezwa, nataka nijue nyumbani kwako watoto wacheze nini na wasicheze nini. Usianze kuitetea gemu wala kumweleza kwamba ni mchezo tu. Na kijana wako mwambie akiwa na mwenzake asipige kelele za kutukana jina la Rama akishindwa, maana kwenye mechi ndo inavyokuwa, mtu anamtukana mchezaji lakini jina linalotoka mdomoni ni la mungu wa mwenzake.

*

*Niaje mhariri. Mimi shida yangu ni mshale unafika late, naona nimempiga kabisa lakini hafi. Net ni poa, YouTube inashika bila shida.*
Msomaji, Nairobi

Poa. YouTube inapakua mbele kidogo ndo maana huoni shida, gemu haiwezi kupakua kitu ambacho adui hajakifanya bado. Angalia pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, siyo spidi. Ikiwa milisekunde 200 hiyo ni sehemu ya tano ya sekunde, mtu anayekimbia ameshatoka pale unapomwona. Chagua seva yenye pingi ndogo kuliko zote hata kama haina watu wengi, tumia waya badala ya waifai, na zima simu za nyumbani zinazojiapdeti wakati unacheza. Pingi ikigoma kushuka basi ongeza lile pengo la mbele nililomwambia wa Tanga.

*

*Shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Kwenye hizi hadithi naona wenye upinde ni wanaume tu, wasichana wanagombaniwa. Je hakuna mwanamke mpiga mishale? Na nikitaka kujifunza upinde wa kweli naanzaje?*
Mwanafunzi, Arusha

Marahaba mwanangu, nimefurahi sana umeuliza. Kwenye Mahabharata yupo Shikhandi, alizaliwa msichana, na katika maisha yaliyotangulia alikuwa Amba, binti wa mfalme aliyeharibiwa maisha na mzee Bhishma, akaapa atarudi kumwangusha. Bhishma, babu wa kina Arjuna aliyepigana upande wa pili, hakuna aliyemweza vitani. Siku ya 10 Shikhandi akatangulia mbele, Bhishma akakataa kumpiga mtu aliyezaliwa mwanamke, na Arjuna akapiga akiwa nyuma ya Shikhandi. Mzee alianguka amejaa mishale kiasi kwamba mwili haukugusa ardhi, umeshikiliwa na mishale yenyewe, kichwa tu kinaning'inia. Wakamletea mito laini akaikataa, Arjuna akapiga mishale mitatu ardhini ikawa mto wa kichwa chake. Akasema ana kiu, Arjuna akapiga ardhi kando yake maji yakaruka mpaka mdomoni. Hiyo yote chanzo chake ni kiapo cha Amba.

Lakini wa kukuonyesha hasa ni wa leo. Sheetal Devi, msichana wa Kihindi kutoka Kishtwar huko Jammu, amezaliwa 2007 bila mikono. Anakaa kwenye kiti, upinde anaunyanyua kwa mguu wa kulia, kamba anaivuta kwa bega, mshale anauachia kwa taya. Kwenye Paralimpiki ya Paris 2024 alipata medali ya shaba ya timu mchanganyiko pamoja na Rakesh Kumar, akiwa na miaka 17. Na serikali ya India imempa tuzo ya wanamichezo ambayo inatolewa tangu 1961, inaitwa Tuzo ya Arjuna. Makocha wana yao, inaitwa kwa jina la Drona. Tafuta video yake utazame mguu unavyotulia kabla hajaachia.

Kuanza: usianze kwa umbali wa Olimpiki, ule ni mita 70, na duara la kumi ni sentimita 12.2 tu. We anza mita tano mpaka kumi, shabaha kubwa, na nyuma yake pawe na ukuta wa udongo au magunia, pasiwe na njia ya watu. Upinde uwe mwepesi, wa paundi kama 16 mpaka 24, wanaoanza wengi wanachukua mzito ili waonekane halafu bega linaumia wanaacha. Vaa kinga ya mkono wa mbele maana kamba ikikuchapa hapo utalia. Tafuta mwalimu wa michezo akusimamie, usipige peke yako. Mshale ukague kila mara kabla ya kupachika, wenye ufa tupa, na usivute upinde ukaachia kamba bila mshale, nguvu yote inarudi kwenye mbao na upinde unaweza kupasuka mkononi. Ukivuta ukaona mtu anapita, shusha taratibu kamba ikiwa bado mkononi, na hiyo mwambie mwalimu wako akufundishe siku ya kwanza kabisa kabla ya kulenga kitu chochote.